Upande wa Dereva

Sijui kuendesha gari. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi kuliko niliyoishi na mume, na kwa bidii zaidi. Nimefanya kazi ya bodi za magari, hasa mabampa, kwanza Gitega kisha Muyinga, mpaka magoti yangu yakaanza kupiga kelele kuliko magari yenyewe. Nimenyoosha mabampa ya mapadri, ya mashehe, ya wauza ndizi, na la bwana mmoja aliyegonga lango la gereji yetu alipokuwa analeta bampa litengenezwe. Lakini sijawahi kulitoa gari hata moja kutoka chini ya bati nikalifikisha barabarani. Aliyeniuliza kwa nini, nilimwambia viatu vyangu vinateleza leo. Nimekuwa na viatu vya kuteleza maisha yangu yote ya kazi.

Ningeondoka na siri hiyo kimyakimya, kama si Joselyne. Nyinyi mliobaki gereji mnamjua, lakini huenda atakayesoma baadaye hamjui: ndiye mkono bora kuliko yote niliyopata kuifundisha. Nilipotangaza kwamba naacha kazi, Yasini, mwenye gereji, alitaka kumpa nafasi yangu ya ukuu wa bodi. Kisha akasita. Joselyne hana permi, yaani leseni ya udereva, na hajui kuendesha, na mkuu wa bodi, alisema Yasini, lazima aweze kulipeleka gari barabarani na kulirudisha. Kwa hiyo angeletwa fundi mmoja kutoka Ngozi, ambaye sifa yake iliyotajwa mara nyingi zaidi ilikuwa permi, naye Joselyne angeendelea kusugua putty chini yake. Basi ikanibidi niseme. Mlisikia mwisho wa habari tu, tena kupitia spika ya simu. Hapa ninaiandika kuanzia mwanzo, ili mjue mlichosikia.

Nilianza kazi kwa bahati mbaya, Gitega. Nilikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, na wazazi wangu waliporudi kulima maharage Bugendana nilirudi nao nikiwa na shahada ya lugha ambayo hakuna aliyeijua ya kazi gani. Nilikuwa nasubiri kupangiwa shule ya kufundisha. Nikiwa nasubiri, baba mdogo alinituma mjini na pikapu yake, nikiwa nimekaa nyuma juu ya magunia, ili bampa lake la mbele litazamwe. Lilikuwa limening'inia upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Fundi aliitwa Mzee Rajabu. Gereji yake ilikuwa nyuma ya soko, kwenye mtaa wa Waislamu, na yeye alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kutangaza mnada na manukato yaliyoshinda harufu ya dizeli. Alijisifu bila haya. Alisema katika Gitega nzima kuna watu wawili wanaojua kunyoosha gari, na yule mwingine pia ni yeye, siku za Ijumaa, akiwa amevaa kanzu. Nilimwambia bampa letu limepinda.

"Bampa?" akasema. "We unatoka Tanzania. Hapa tuko na pareshoki."

Hapo ndipo shahada yangu ilipopata nafasi yake ya kwanza na ya mwisho. Nilimweleza kwamba neno hilo limetoka Kifaransa, kwamba maana yake ni kitu cha kuzuia mshtuko, na kwamba bampa nalo limetoka Kiingereza, hivyo sote wawili tumeazima. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, kama mtu anayesikiliza hotuba ya kilimo.

"Bon," akasema. "Sasa we shika hapa, uzuie mushituko."

Nilishika. Akafungua bolti ya mwisho na bampa lote la chuma likanishukia mikononi, zito kama ndama. Sikuliachia, ingawa sababu haikuwa ushujaa: vidole vyangu vilikuwa vimenaswa. Yeye alidhani ni moyo wa kazi. Aliniambia nirudi kesho yake, nami nikarudi, na shule niliyokuwa nasubiri kupangiwa naisubiri mpaka leo.

Miezi ya kwanza sikugusa kazi yoyote ya maana. Niliosha bolti kwa dizeli, nikakata mipira ya zamani ya magurudumu kuwa vipande vya kuwekea chini ya vishikizo, nikachemsha maji. Msidharau maji ya moto. Bampa la plastiki lililobonyea halitaki nyundo, linataka birika: unamwaga taratibu, unaingiza mkono kwa nyuma, unasukuma, na linarudi na mlio mdogo wa aibu. Lililopasuka unalishona kwa waya wa shaba kabla ya kulichomelea. Mshono wangu wa kwanza ulikuwa mbaya kiasi kwamba mwenye gari alimuuliza Mzee Rajabu kama mgonjwa atapona.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa kwenye gari dogo la Kijapani la mwalimu mmoja wa Buraza. Bampa la mbele lilikuwa chini upande mmoja, pengo kati yake na ardhi likiwa kubwa huku na dogo kule. Nililegeza, nikapandisha, nikakaza. Nikasogea nyuma, nikachuchumaa, nikafumba jicho moja kama nilivyomwona Mzee akifanya. Limenyooka. Nikamwita kwa majivuno. Yeye hakulitazama bampa hata kidogo. Alizunguka gari, akapiga teke gurudumu la mbele, nalo likatoa sauti ya godoro. Halikuwa na upepo. Nilikuwa nimelinyoosha bampa kwa gari lililolala. Lilipojazwa upepo, bampa lilitazama mbinguni upande ule ule niliouinua.

Hakunikemea. Alifanya jambo baya zaidi: kila mteja aliyeingia kwa wiki nzima alisimuliwa, nami nikiwa nimesimama pale pale, jinsi mtu wa chuo kikuu alivyotibu shingo ya mgonjwa wa mguu. Tangu hapo sikuanza tena na bampa. Naanza na ardhi ninaposimamisha gari, kisha upepo wa magurudumu, kisha springi, kisha mstari wa taa. Gari la zamani limezama upande anaokaa dereva, kwa sababu amekaa hapo miaka ishirini akila. Ukilinyoosha bampa kufuata ardhi, litaonekana limepinda kwa taa. Ukilinyoosha kufuata taa, litaonekana limepinda kwa ukuta wa jirani. Fuata taa. Mtu hulitazama gari usoni, hatazami ukuta wa jirani.

Na mengine mnayajua, lakini niyaseme, maana nimewaona mkisahau. Usiifungue bolti yote kama kulegeza kunatosha. Tundu za kishikizo ni ndefu kwa sababu hiyo: zimeachiwa nafasi ya kusogea. Legeza zote, inua kwa goti, si kwa mikono, weka kipande cha mpira palipo na pengo, kisha kaza kidogo kidogo, mara huku mara kule. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, ule mwingine utakukimbia. Na ukiona bampa halikubali kabisa, usilipige. Ingia nyuma yake ukaangalie boriti, kwa kuwa mara nyingi bampa halina kosa: limeshikwa na kitu kilichopinda zamani, ambacho mtu alikipaka rangi badala ya kukinyoosha.

Sasa nije kwenye magari na miguu yangu. Gereji ni mahali ambapo gari linasogezwa mara nyingi kwa siku, na mtu asiyejua kuendesha anagundulika haraka kuliko asiyejua kusali msikitini. Mimi nilijihami kwa falsafa. Mteja akinitupia ufunguo, nilirudi nyuma hatua kadhaa, nikakunja mikono, nikamwambia alilete mwenyewe, taratibu, nimwangalie. Nikaongeza, bila kujua ninasema nini, kwamba bampa husomwa likija.

Uongo ule ulikuwa na bahati yake. Nikiwa nimesimama pale nikijifanya nasoma, nilianza kusoma kweli. Gari likipanda ukingo wa saruji wa gereji, bampa lililoshikwa vibaya hutikisika baada ya gari kutulia; boriti iliyopinda hulifanya litikisike upande mmoja tu; klipsi zilizovunjika hulifanya lipumue, litoke na kurudi. Ukiwa ndani umeshika usukani huoni hata kimoja cha hivyo. Baada ya muda niliweza kumwambia mteja tatizo kabla hajazima injini, na watu walianza kuja kutoka Nyarusange kumwona mama anayesoma magari. Niliwafundisha wengine mbinu hiyo kwa uso mkavu, kama kitu nilichokipata chuoni.

Wengine waliuliza. Shangazi mmoja aliniuliza harusini kwa nini siendeshi gari la bibi harusi, na nikamjibu kwamba mafundi hawaendeshi magari yaliyofungwa riboni. Mwingine nilimsimulia jinsi nilivyowahi kuteremka kutoka Bugendana gizani, mvua ikinyesha, taa zimekufa, nikifuata sauti ya ng'ombe. Hadithi hiyo ilipendwa. Niliirudia, na kila nilipoirudia ng'ombe waliongezeka.

Kisha nikahamia Muyinga. Baba yake Yasini, Mungu amrehemu, alikuwa rafiki wa Mzee Rajabu na alihitaji mtu wa bodi. Mzee aliniaga kwa kunipa nyundo yake ndogo ya mpira na kuniambia nisimwambie mtu nimefundishwa na yeye mpaka nimalize gari la kwanza vizuri.

Muyinga ilikuwa na mtihani ambao Gitega haikunitayarishia. Mpaka wa Tanzania uko karibu, na magari mengi ya zamani yanayoingia kupitia huko yana usukani kulia. Gitega, magari yaliyokuja kwetu yalikuwa na usukani kushoto karibu yote, na Mzee Rajabu alikuwa amenizoesha kusema "upande wa dereva" na "upande wa abiria", kama watu wote. Mimi mwenyewe nilikulia Tanzania, ambako dereva yuko kulia, nikafundishwa kazi Gitega, ambako yuko kushoto. Kichwani mwangu dereva alikuwa mtu wa kuhamahama, kama sisi wenyewe.

Siku moja sista mmoja mkuu wa shule alileta gari la kubebea wanafunzi wagonjwa, la zamani, bampa la mbele limeshuka kushoto. Nililitazama asubuhi nzima. Nililisoma likija. Nikajua dawa yake: vipande viwili vya mpira chini ya kishikizo cha kushoto. Kabla sijaanza, ikaja habari ya msiba nyumbani Bugendana. Nikawaachia vijana maagizo, nikapanda basi. Maagizo yalikuwa haya: weka vipande viwili upande wa dereva.

Nikarudi baada ya mazishi nikalikuta gari barabarani, likiwa na sista ndani, likitoka misa. Bampa lilikuwa limeinuka kulia na limeshuka kushoto. Gari zima lilikuwa na uso wa mtu anayesikiliza udhuru na haamini. Wanafunzi, aliniambia sista bila kucheka, walikuwa wameshaliita Tomaso.

Niliingia gereji nikiwa na hasira ya haki. Niliuliza nani aliweka mpira kulia. Joselyne, ambaye alikuwa mgeni wakati huo na bado anasimama karibu na mlango, alisema ni yeye, kwa sababu nilisema upande wa dereva. Nikamwambia upande wa dereva ni kushoto. Akalitazama gari, ambalo sista alikuwa amelirudisha, akautazama usukani uliokuwa kulia, waziwazi kama pua.

"Mama Spe," akasema kwa upole, "wewe ungeketi wapi?"

Kila mtu anayeendesha angejua kosa hapo hapo, kwa sababu mwili wake unakumbuka mlango aliotokea. Mimi nilikuwa nimelitazama gari lile asubuhi nzima bila kujiuliza dereva anakaa wapi. Kwangu dereva alikuwa neno tu. Badala ya kukubali, nilimpa Joselyne na wenzake somo la jinsi wakoloni walivyogawana barabara za Afrika, nani alipita kulia na nani kushoto, na kwa nini. Lilikuwa somo zuri. Sista alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akalisikiliza lote.

Aliyetuokoa ni Joselyne. Gereji yetu, mnajua, ina msikiti mkono mmoja na kanisa mkono mwingine, na magari yote huingia yakiipa barabara mgongo. Alipendekeza tuache kusema dereva na abiria. Tukaanza kusema upande wa msikiti na upande wa kanisa. Inua msikiti kidogo. Kaza kanisa. Taa ya msikiti imepasuka. Mteja mgeni anayesikia hivyo hushika kifua, lakini hatukukosea tena, isipokuwa gari likiingizwa kinyumenyume, na hapo husemwa kwamba limebadili dini, na mwenye gari huombwa aligeuze kabla hatujaanza. Shehe wa pale alipoyasikia aliuliza swali moja tu: upande upi unaharibika zaidi? Tulimwambia ni wa kanisa, kwa kuwa ndiko kwenye mtaro. Akaondoka ameridhika. Padri tulimwambia vingine.

Kisha ikaja miaka ya uhaba wa mafuta, ambayo watu wote waliilia na mimi nikailia kwa mdomo. Magari yalikuwa yanasukumwa. Yaliingia gereji yakisukumwa, yakatoka yakisukumwa, na hakuna aliyemtazama mtu na kujiuliza kwa nini haendeshi. Kusukuma nilijua. Nilisukuma kwa bidii ya mtu anayelipa deni. Yasini, aliyekuwa ameshachukua gereji baada ya baba yake, alinisifu mbele ya wateja kwamba mama wa umri wangu, fundi mkuu, anasukuma kama kijana.

Joselyne alikua katika miaka hiyo. Sikumfundisha mengi, nilimzuia mabaya machache, kwa mfano kukaza kwa hasira. Ana vidole vinavyosikia pengo ambalo jicho halilioni. Anapitisha kidole kati ya bampa na bawa la gari, lile bati la juu ya gurudumu, mara moja, kama mtu anayefuta vumbi, kisha anasema: robo ya mzunguko, msikiti. Nami napima, na ni robo ya mzunguko. Hakuwahi kuomba kufundishwa kuendesha. Husimama mlangoni, mikono nyuma, gari likija.

Ndiyo maana Yasini aliponiambia habari ya fundi wa Ngozi, nilimwambia papo hapo, tukiwa tumesimama karibu na birika, kwamba mimi pia sijui kuendesha, na sijawahi kujua, na gereji yake haijafa.

Alicheka. Nikarudia. Akacheka kidogo zaidi, kisha akanitazama kwa huruma.

"Mama Spe, we unamutetea Joselyne, ni vizuri. Lakini usijivunjie heshima."

Nikaapa. Akasema amewahi kuniona nikiingiza gari la baba yake, lile la kijani, yeye akiwa mtoto. Hajaniona, alisimuliwa, na aliyemsimulia nilikuwa mimi. Vijana wakaja karibu. Mmoja akataja mvua ya Bugendana na ng'ombe. Mwingine akakumbuka idadi ya ng'ombe. Nilisimama katikati ya uongo wangu kama mtu aliyejijengea nyumba akasahau mlango. Nikamwambia Yasini anipe ufunguo wa gari lolote, nitaligonga ukutani hapo hapo awe shahidi. Akafikiri, kisha akasema, na kwa kweli alikuwa sawa, kwamba anayejua kuendesha anaweza kugonga ukuta kwa makusudi. Kujua huthibitishwa, kutojua kunathibitishwaje?

 Joselyne alikuwa ameanza kukusanya kle zake, zile spana, kutoka meza yangu, ambako alikuwa amezihamishia wiki ile baada ya kuahidiwa nafasi. Alizipanga moja moja ndani ya kitambaa, kutoka ndogo hadi kubwa, na kuzirudisha kwenye kona yake karibu na mlango. Nilimwona, na Yasini alimwona, na nadhani ndiyo sababu Yasini hakuondoka.

"Tumupigie Mzee Rajabu," akasema. "Yeye juu ya kazi hana mizaha."

Mzee sasa hatoki nyumbani, Gitega. Miguu imekataa, sauti haijakataa. Yasini aliiweka simu juu ya boneti la gari lililokuwa chini ya bati, akafungua spika, vijana wakazunguka. Salamu zilichukua muda wao. Mzee aliuliza habari za nyumbani, za mama, za mvua ya Muyinga, za watoto, akalalamikia daktari. Mwishowe Yasini akauliza: Mama Spe iko najua kuendesha gari, ao hajui?

 Kisha Mzee akawaka.

"Spe? We mutoto, unaniuliza swali ya namna gani? Spe alikuwa anateremuka hapa mpaka Nyarusange na mvua, mukono moja! Ule mwingine iko inje ya dirisha, anashika pareshoki isianguke!"

Vijana walishangilia. Yasini akanitazama, mikono amefungua, kama wakili aliyemaliza kesi. Joselyne akafunga fundo la kitambaa chake.

Niliichukua simu. Nikasema, "Mzee, ni mimi."

"Ego, nakusikia. Uko na watu?"

"Niko nao wote. Sema ukweli."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Kuna fundi hapa, Joselyne. Wanamnyima nafasi yangu kwa sababu hajui kuendesha. Nimewaambia na mimi sijui, wamekataa kuniamini."

Nilisikia upande wa pili kijiko kikigonga kikombe, na mtu akiambiwa apunguze redio.

"Iko na mukono, huyo?" akauliza.

"Kuliko wangu."

"Kuliko wako, hiyo si kitu. Kuliko wangu?"

"Mzee, tusivuke mpaka."

Akacheka, kicheko chenye kikohozi ndani, kisha akasema nimrudishe yule mutoto. Yasini akainama juu ya simu.

"Hajui," akasema Mzee Rajabu. "Hata metre moja. Siku moja hapa Gitega nilimupa funguo aingize gari ya muteja, gari ya usukani kulia, moja tu tuliyokuwa nayo. Akaingia kushoto. Akafunga mulango vizuri sana, akaketi. Hakuna usukani. Akafungua kale kasanduku ka mbele, akapekua karatasi za watu kama mutu wa dwane wa mupaka. Akatoka, akaniambia: Mzee, gari iko sawa. Nikasema: asante, mwananje, mutoto wangu. Toka siku ile sijamupa funguo tena."

Hakuna aliyecheka mara moja; walikuwa wananitazama. Mimi nilikuwa nalitazama boneti. Miaka yote ile nilidhani ni bahati yangu kwamba Mzee hakuwahi tena kuniagiza nisogeze gari.

"Sasa Mzee," Yasini akasema, "mbona umenidanganya dakika hii hii?"

"Umeniuliza juu ya mwanafunzi wangu, na nasikia watu wanapumua. Ulitaka niseme nini? Ungeniuliza kando."

"Na magari? Nani alikuwa anayapeleka barabarani?"

"Wenyewe! Gari ni yao, kwani hawana miguu? Spe anasimama inje, anaangalia. Mutu akikaa ndani ya gari, pareshoki ataiona na macho gani?"

 Yasini alimtazama Joselyne, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake, kisha akalitazama gari tulilokuwa tumeliegemea, kama analiona sasa hivi. Alijikuna shingo.

"Lakini Mzee, huyu wa Ngozi nimeshamwita. Iko na permi. Nitamwambia nini?"

"Mwambie aje," akasema Mzee Rajabu. "Aendeshe. Joselyne, mukubwa wake, atakuwa anamwangalia."

"Ndiyo, Mzee," akasema Yasini, na akakata simu.